Unga Wenye Harufu ya Moshi

Nina tabia moja ambayo mume wangu ameichoka: siwezi kula ugali kabla ya kuunusa. Hata harusini, hata mbele ya wakwe, tonge likishamegwa hupita kwanza puani ndipo liende mdomoni. Mume wangu hunitania kwamba nilikosea kusomea ualimu, ningeajiriwa na watu wa viwango. Namwacha aseme. Harufu ninayoitafuta ni ya moshi, moshi wa jikoni kwa bibi yangu kule Kitura, ule unaokaa darini miezi kwa miezi hadi ukaingia ndani ya punje ya hindi na kukataa kutoka. Nikiikosa natulia. Nikiipata, chakula chenyewe hakipiti tena. Tabia hii niliianza nikiwa na miaka kumi, msimu tulioishi ziwani, baba alipokuwa anachomelea boti ambayo hakuwahi kuiona ikielea.

Kiwanda kilikuwa kwenye ghuba ndogo, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Mbamba Bay, na kazi yake ilikuwa kuunda boti za chuma za kubeba abiria na mizigo ya Ziwa Nyasa. Ukikiona leo utacheka: uzio wa mabati, banda refu, jenereta moja yenye kelele, reli mbili zilizoteremka hadi majini, na geti. Lakini kwetu kilikuwa kiwanda, na baba zetu walikuwa wafanyakazi wa kiwanda, wenye tawi la chama chao na mwenyekiti wao. Wafanyakazi walikuwa wa pande mbili. Kulikuwa na Wanyasa wa palepale, maseremala na wapaka rangi, waliokuwa na mihogo nyuma ya nyumba na mitumbwi ufukweni. Halafu tulikuwepo sisi wa milimani, Wamatengo, tulioletwa na ufundi wa kuchomelea, tukapangwa kwenye kota za vyumba viwiliviwili bila hata tuta la mchicha. Baba alikuwa akirudi jioni ananuka rangi nyekundu ya kuzuia kutu na chuma kilichoungua. Mama alilalamika kwamba harufu ile imeingia hadi kwenye mashuka. Mimi niliipenda, kwa sababu ilinijulisha kwamba baba amefika kabla hajabisha hodi.

Geti ndilo lililoleta yote. Meneja aliamini kwamba tunamwibia, na huenda kweli kulikuwa na mtu aliyeondoka na misumari, sijui. Kila jioni wafanyakazi walipanga mstari, wakainua mikono, wakavua viatu, wakafungua vyombo vya chakula cha mchana. Mlinzi alikuwa anatia kidole ndani ya kiporo cha ugali na kukikoroga, akitafuta nati. Nilikiona kidole kile mara nyingi, kwa sababu sisi watoto tulikuwa tunawasubiri baba zetu nje ya uzio, na nilikuwa najiuliza kama mwenyewe huwa anakinawa. Watu wazima walivumilia. Waliguna na kutukana kwa Kimatengo na Kinyasa ili mlinzi asielewe, kisha kesho yake wakapanga mstari uleule.

Siku moja mlinzi akamwamuru Mzee Tadei, seremala mkubwa kuliko wote, avue suruali. Inawezekana siku nyingine angevua akanyamaza, lakini jioni hiyo aliyesimama nyuma yake kwenye mstari alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake, kijana aliyekuwa hathubutu hata kula chungu kimoja na yule mzee. Mlinzi hakuwa mtu wa kwetu, hakujua alichokuwa anaagiza. Kijana aligeuka akauweka uso wake kwenye bati la uzio na kuufunika kwa mikono miwili. Mzee Tadei alivua. Hakikupatikana kitu. Asubuhi iliyofuata jenereta haikunguruma, na ukimya ule ulikuwa mgeni kiasi kwamba mama alitoka nje na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Kulikuwa na mgomo. Tawi lilikuwa na dai moja tu: upekuzi wa getini ukome, la sivyo boti ile iliyobakiza nusu ya ubavu itaota kutu pale ilipo.

Mwenyekiti wa tawi aliitwa Kapinga, mchomeleaji mwenzake baba, mtu wa milimani naye, mwenye sauti nzito na mikono mirefu. Watoto tulimwita Baba Skola kwa sababu binti yake Skolastika alikuwa rafiki yangu, na vyumba vyao vilitazamana na vyetu. Yeye ndiye aliyebuni kwamba mgomo ule uendeshwe kwa sengu. Kwetu milimani, sengu ni wanaume wa ukoo kula pamoja: kila mke hupika kwake, chakula hupelekwa kimefunikwa, vyombo vyote huwekwa katikati, na anayefunua ni mkubwa wao. Haulizwi mtu chombo hiki kimetoka kwa nani. Aliyeleta kingi na aliyeleta kidogo wananawa katika bakuli moja, na mwenye shida huieleza shida yake akitaka mwenyewe. Kapinga alisema wagomaji wote sasa ni ukoo mmoja, wa ziwani na wa milimani, na watakula mbele ya geti ili meneja awaone. Wanyasa walilipenda jambo lile. Likajengwa banda la nyasi, na kila adhuhuri sisi mabinti tukawa tunapita na vyombo kichwani, vimefunikwa kwa sahani, na meneja anatuchungulia kwenye dirisha lake.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za raha, siwezi kusema vinginevyo. Palikuwa na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, wa kukaanga na ugali wa muhogo, palikuwa na nyimbo za kanisani zilizobadilishwa maneno, na baba alikuwa nyumbani mchana akitutengenezea vijigari vya waya. Wiki ya tatu ikaja na sura nyingine. Wanyasa waliendelea kuchimba mihogo yao. Kwenye kota, madebe yalianza kutoa mlio yakiguswa. Ndipo uvumi ukazaliwa kwamba gari la meneja limeonekana likishusha unga wa sembe, mweupe wa dukani, na kwamba kuna nyumba moja ya mgomaji inapelekewa ili mwenye nyumba awe anapeleka habari ndani. Nyumba ipi, haikusemwa. Kwa hiyo ikawa nyumba yoyote.

Nimewahi kuishi sehemu zenye wezi, na nimefanya kazi ofisi zenye majungu, lakini sijaona tena watu wakitazamana namna ile. Wanawake waliokuwa wanaazimana chumvi walianza kupika mlango umefungwa, na kwa sababu walifunga mlango walishukiwa zaidi. Mtoto akinenepa, au akionekana tu hajakonda, iliulizwa anakula nini. Mama alinikataza kucheza nikiwa nimeshiba, na hiyo ingekuwa amri ya kuchekesha kama tungekuwa tunashiba. Wenye jirani Mnyasa walisemwa wanauza siri kwa mihogo, na Wanyasa nao walisema Mmatengo hana shamba hapa, kwa hiyo atakuwa wa kwanza kuvunja mgomo. Mwishoni mwa wiki ile Kapinga alitangaza kwamba kuanzia kesho vyombo vitafunuliwa pale pa kuingilia bandani, kimoja kimoja, na vitakaguliwa. Mzee Tadei alisimama akauliza kama alivua suruali ili waje wapekuane wenyewe kwa wenyewe. Kisha akakaa.

Sisi wakati huo hatukuwa na cha kukaguliwa. Siku mbili mfululizo mama hakupika chakula cha kupeleka, na baba, badala ya kwenda kula vya wenzake mikono mitupu, alikaa ndani akisema kichwa kinamuuma. Hapo ndipo alipokosea, na hadi leo namkasirikia. Sengu iliwekwa kwa ajili ya mtu aliye katika hali kama yake. Angekwenda akakaa, akanawa, akala, asingeulizwa chochote. Lakini baba yangu ana aibu ya kijinga, aibu ya mtu aliyewahi kuwa nacho. Jioni ya siku ya pili nilimsikia mama Skola akimwambia jirani kwenye kamba ya nguo, bila kujali kwamba nipo, “Huyo naye siku mbili haonekani. Anakula wapi?” Nililipeleka swali lile nyumbani jinsi lilivyo. Baba alilisikia, akavaa viatu, akaenda kuomba lifti kwenye gari la wafanyabiashara wa usipa linalopanda Mbinga.

Alirudi kesho yake asubuhi na mfuko wa nguo wenye unga. Alikuwa amefika hadi Kitura kwa mama yake. Bibi hakuwa na mahindi ya kula, mavuno yalikuwa mabaya, alikuwa anaishi kwa viazi. Alichokuwa nacho ni mbegu: mahindi yaliyochaguliwa moja moja, yaliyofungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa juu ya moto yakisubiri mvua ya kwanza na matuta ya ngolo, kilimo chetu cha mashimo mlimani, yaliyokwisha kuandaliwa. Aliyashusha, akayapukuchua, akayatwanga palepale kwake. Sikusimuliwa habari hii na mtu. Niliijua nilipofungua ule mfuko na moshi wa jikoni kwa bibi ukanipanda puani, mzima mzima, nikadhani bibi mwenyewe yumo chumbani. Nikapaza sauti, “Mama, hii si mbegu?” Mama aliniziba mdomo kwa mkono wenye unga.

Kwa msomaji asiyetoka milimani lazima nieleze. Kwetu mtu hali mbegu. Anaweza kula majani, anaweza kwenda kuomba, anaweza kulala njaa, lakini nyumba iliyokula mbegu imesema kwamba haitarajii mwaka ujao, na nyumba ya namna hiyo haikopeshwi, haichumbiwi, haishirikishwi kwenye kazi za kusaidiana. Bibi alikuwa mjane aliyeheshimiwa, mweka hazina wa akina mama kanisani. Habari kama ile ingepanda mlima na gari la kwanza, na Jumapili ingemkuta mlangoni pa kanisa. Mama alinishika mabega akaniambia taratibu: chakula hiki nikipeleke, nikiulizwa lolote nisiseme la nyumbani kwetu. Kisha akasonga ugali mkubwa kuliko kawaida. Ulikuwa mweupe, wa mahindi yaliyokobolewa vizuri kwa kinu, na nilifurahi kuubeba kwa sababu ulikuwa mzito.

Pale pa kuingilia bandani Kapinga alikuwa amekaa kwenye kigoda, vyombo vinapita mbele yake. Vilivyonitangulia vilikuwa vya ugali wa muhogo, wa kijivu, vidogo. Alipoinua sahani iliyofunika chetu, watu waliokuwa karibu waliinua shingo, na wa nyuma ya banda wakasimama ili waone. Kapinga alitia kidole ndani ya ugali. Nilikitambua kitendo kile kabla sijajua nimekitambua, nikatazama uzio kuhakikisha kwamba mlinzi yuko kule na huyu ni Baba Skola. Alikoroga kidogo, akakitoa kidole, akakipeleka puani. Alinusa. Hilo nina hakika nalo kuliko jambo lolote la utoto wangu. Mtu aliyelelewa jikoni kwa Wamatengo hawezi kuchanganya moshi ule na kitu kingine. Alinusa mara mbili, akanitazama usoni, halafu akapaza sauti ili wote wasikie.

“Imelda, mwanangu, unga huu mweupe umetoka wapi?”

Nilikuwa nimeambiwa nisiseme la nyumbani. Lakini nilikuwa nimeulizwa na mtu mzima mbele ya watu, na nilikuwa nimefundishwa vilevile kwamba mtu mzima hujibiwa. Nikatafuta jibu lililo kweli ambalo halimo kwenye katazo la mama, nikalipata, na nikajiona mwerevu.

“Shikamoo, Baba Skola. Ameuleta baba.”

“Ameutoa wapi?”

“Sijui.”

Baba alikuwa amekaa safu ya pili. Watu waligeuka kumtazama wakisubiri aseme. Neno moja tu lilihitajika, na wa milimani wote pale wangelielewa, na uso wake ungekuwa safi papo hapo. Alisimama, akajipangusa vumbi la suruali, akapita katikati yao, akanishika mkono tukaondoka. Chombo chetu kilirudishwa na kijana mmoja, akakiweka mlangoni bila kubisha. Ugali ulikuwa mzima, isipokuwa lile tundu la kidole. Tuliula wenyewe kwa siku mbili, wa moto na kisha kiporo, na kila tonge lilikuwa na bibi ndani yake.

Kuanzia siku ile sisi tukawa ndiyo ile nyumba. Mama alikuwa akienda kuchota maji, wenzake wanakumbuka kwamba walisahau kitu. Mlango wetu ulichorwa kwa rangi nyekundu ya kiwandani, msalaba mkubwa, na baba hakuufuta. Skola ndiye pekee aliyeendelea kunijia, kwa siri, nyuma ya vyoo. Siku ya tatu aliniletea kitu amekikunja kwenye karatasi ya daftari. Ulikuwa ukoko wa ugali, ule uliokaukia chini ya sufuria, mkavu, wa kutafuna. Nilikuwa na njaa ya kuona giza. Niliunusa, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kunusa, na haukuwa na harufu ya muhogo, wala ya moshi. Haukuwa na harufu yoyote. Ulikuwa mweupe kama chaki.

Msomaji ameshaelewa, na mimi nilielewa vilevile, hapohapo, nikiwa na miaka kumi. Sembe ya dukani ilikuwa inasongwa kwa mwenyekiti. Nilipaswa kukimbia na ule ukoko mkononi hadi bandani na kuuinua juu. Niliula. Kesho yake Skola alileta mwingine, nikaula. Aliniletea mara nne, labda tano. Sikumwambia baba, sikumwambia mama, kwa sababu nikisema hautaletwa tena. Nimejaribu kujipa sababu nyingine nilipokuwa mkubwa, kwamba niliogopa, kwamba nisingeaminiwa, kwamba nilimwonea Skola huruma. Ni maneno tu. Nilitaka ukoko.

Wiki ya tano meneja alisalimu amri. Upekuzi uliondolewa, mlinzi akahamishwa, na jenereta ikanguruma watu wakipiga vigelegele. Mzee Tadei aliingia getini wa kwanza, amevaa suti. Baba naye aliingia, kwa kuwa mgomo ulikuwa wake pia. Lakini kuchomelea ubavu wa boti si kazi ya mtu mmoja: bamba la chuma lazima lishikwe na mwenzako, limekaa sawasawa, wakati wewe unalipiga moto. Hakupata wa kumshikia. Hakutukanwa, hakusukumwa, akiita, kila mtu alikuwa na kazi nyingine. Siku kumi na moja alijaribu kuyashikilia mabamba kwa kamba na mawe, na siku kumi na moja yalicheza yakamharibikia, na meneja akaona mishono mibovu. Siku ya kumi na mbili alirudi saa nne asubuhi na kofia yake ya kuchomelea kwapani. Tulipanda gari kwenda milimani nikiwa nimekaa juu ya magodoro, na boti niliiona kwa mara ya mwisho kutoka kwenye kona ya juu, bado nyekundu.

Tulifika Kitura mvua zinaanza, matuta yako tayari na hakuna cha kupanda. Bibi alifunga safari kwa miguu hadi upande wa Liparamba kutafuta mbegu kwa watu wasiomjua, kwa kuwa kwa wanaomjua asingeweza kuomba bila kueleza. Alirudi nazo kidogo, za aina ya kule, hazikuupenda udongo wetu. Mwaka ule tulikula viazi hadi nikasahau ladha nyingine. Bibi hakulalamika, na siri yake ilikaa salama hadi alipozikwa, na baba alibaki kuwa msaliti wa mgomo kwa kila mtu aliyewahi kufanya kazi ziwani. Akikutana nao gulioni Mbinga waliitikia salamu yake wakiwa wanatembea.

Mwaka jana, wiki chache kabla ya mvua, nilikuwa Kitura kumwangalia baba. Mama yuko kwa mdogo wangu Songea, kwa hiyo nilipika mimi. Tulikuwa tumekaa uani chakula kimeletwa, ndipo bodaboda ikashusha mzee mrefu mwenye fimbo. Nilimtambua kwa mikono. Kapinga alisalimia, baba akaitika, akamkaribisha chakula jinsi mtu anavyokaribishwa. Alikuwa amebeba mahindi kumi na mawili, yamefungwa kwa maganda yake, meusi kwa masizi. Aliyaweka chini mbele ya baba, akasema, “Nimekuletea mbegu, ndugu yangu.” Nikajua kwamba siku ile aliitambua mbegu, na nikajua ni kwa nini alinusa mara mbili: alitaka hakika kwamba baba asingeweza kujitetea. Mimi moyoni nilikuwa najiuliza anataka nini. Watu hawabebi mahindi kutoka ziwani bure.

Alieleza mwenyewe, taratibu, akitazama mikono yake. Ule unga ulikuwa unaingia kwake. Mke wake alikuwa mjamzito na anavimba miguu, meneja akampelekea unga, naye akapokea, akijiambia kwamba atakula unga wao na mgomo hatauza. Na kweli hakuuuza, hilo aliomba akumbukwe nalo. Lakini uvumi ulipoanza alihitaji nyumba nyingine, na chombo chetu kikaja cheupe. Baba alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Nilidhani yule mzee amemaliza. Akanigeukia mimi.

“Na huyu alijua,” alisema, wala hakusema kwa ubaya. “Skola aliniambia siku ya kwanza tu kwamba amempa Imelda ukoko. Sikulala. Kila siku nilikuwa nangoja mtoto huyu aje aseme mbele ya watu, na mimi ningekubali, Mungu ni shahidi yangu ningekubali. Nikamwachia Skola aendelee kuupeleka. Huyu hakusema.”

Alikuja kutua mzigo wake na akautua mapajani mwangu. Baba aliuliza, “Ukoko gani?” Nilimweleza, mwanamke mzima mwenye watoto watatu, nikiwa nimeshika kikombe cha maji ya kunawa. Nilisema ulikuwa mweupe, nilisema niliunusa, nilisema mara nne au tano. Baba alikichukua kile kikombe mkononi mwangu. Kisha akasema, “Ulikuwa na njaa,” akanawa, akamsogezea Kapinga chakula. Walikula wote wawili. Mahindi yale baba aliyatundika mwenyewe juu ya moto, na mvua ilipokuja aliyapanda, na yameota vizuri, sina la kuyasingizia.

Kiwanda kile hakipo siku hizi; reli ziling'olewa, na mabati ya uzio yameezekea vibanda vya kuuzia samaki. Njaa ya namna ile sijaiona tena nyumbani kwangu. Unga nanunua dukani Mbinga, umeandikwa jina kwenye mfuko, mweupe, haunuki chochote, na wanangu huacha ukoko kwenye sufuria ukaloweshwa na kumwagwa. Kila nikienda Kitura nampikia baba, nampelekea chakula uani kimefunikwa, kama nilivyokuwa nikipeleka bandani. Maisha yake yote, hata baada ya mambo ya ziwani, baba alikuwa haangalii chombo. Alikuwa ananawa huku anaongea, mimi namfunulia, anakula. Tangu siku aliyokuja Kapinga huninyang'anya kifuniko. Hufunua mwenyewe, huinama, na kabla ya kumega tonge la kwanza, hunusa.